Usimwite Mtoto Jaji Pickard

Etterbeek, Brussels
12 Novemba 2013

Mpendwa mdogo wangu Ghislain,

Pokea salamu kwanza. Mama alitufundisha kwamba salamu hainyimwi mtu, hata yule unayetaka kumvuta sikio, kwa hiyo nakusalimu. Claudine anaendeleaje baada ya kujifungua? Maziwa yanatoka vizuri? Ule mgongo aliokuwa akiulalamikia umetulia? Mwambie anywe uji, alale, awaachie wengine kufua na kupika. Najua nyumba yako, na namjua mume wake. Na mtoto je, kitovu kimekauka? Analia sana?

Sisi huku ni wazima. Binti yangu Sephora anaendelea na masomo yake, mimi bado natunza wazee wangu wa kazini kule Berchem-Sainte-Agathe, magoti yananiuma kwa ajili ya ngazi, lakini Mungu yupo. Baridi imeingia mapema mwaka huu. Bon. Salamu zimekwisha.

Ghislain, una wazimu?

Nilikuwa ndani ya tramu natoka kazini, simu ikalia, nikaona picha uliyotuma. Keki kubwa, juu yake sukari ya rangi ya dhahabu: «Bienvenue Juge Pickard», karibu Jaji Pickard. Nilidhani ni mzaha wa rafiki zako wa baa. Nikakupigia pale pale, watu wote wa tramu wakinisikiliza, nawe ukaniambia kwa sauti ya mtu aliyeshiba: «Yaya, mutoto amekwisha kupata jina. Juge njo juge. Atakuwa na kichwa ya sheria.» Nilipofungua mdomo, réseau ya simu ikakatika. Réseau ya Lubumbashi ni ya ajabu sana, inakatika kila mara yaya, dada yako mkubwa, anapokasirika.

Ndiyo maana naandika. Florent, mtoto wa jirani yetu wa zamani, anasafiri keshokutwa, nitampa barua hii mkononi, na nimemwambia akae mbele yako mpaka uisome yote. Mpe kitu cha kunywa. Ubatizo ni Jumapili ya tarehe ishirini na nne, na wewe unajua vizuri kwamba jina likishatajwa mbele ya padri na mbele ya wazee, halirudi nyuma. Nataka jina hilo litoke kwa mtoto kabla ya siku hiyo.

Kwetu mtoto hapewi jina la mtu kwa sababu jina linapendeza. Ukimpa jina la mtu, umemrudisha mtu huyo nyumbani. Utamwita papa. Utaona haya kumchapa. Wazee watamsalimia kama mwenzao, na akikosa, watu watatafuta kosa hilo kwa yule wa kwanza. Ndiyo maana tunauliza kwanza: huyu aliishi vipi? Aliwatendea watu nini? Na anayeuliza, halafu akalitamka jina, ni shangazi wa mtoto. Shangazi ni nani? Ni mimi hapa, Mujinga. Wewe hukuniuliza. Uliuliza Facebook.

Sikukulaumu ulipoanza kutafuta. Sote tulikua na jambo hilo. Bibi yetu Pétronille na ile rangi yake, baba yake mhandisi Mwamerika wa migodi ya Kambove, Pickard, aliyepanda treni akaenda zake wakati bibi hajaanza hata kutembea. Papa wetu amekufa akisema «sisi ni Pickard» kwa kila mtu aliyetaka kusikia na kwa wengi ambao hawakutaka. Kwa hiyo ulipowaandikia akina Pickard wote wa Amerika mmoja baada ya mwingine, nilicheka tu. Nilicheka kidogo zaidi ulipompata yule mama Loretta, ambaye babu yake alikuwa ndugu wa mhandisi wetu. Akakutumia picha ya baba yao hao wawili, jaji wa zamani, koti jeusi, mkono juu ya kitabu, ndevu mpaka kifuani. Nadhani ndevu ndizo zilizokumaliza.

Sasa nisikilize, maana mimi nimeketi na Loretta na wewe umeketi na picha.

Mama wa watu si mbaya. Alipita Brussels mwezi wa tisa akitembea Ulaya, akatuletea chokoleti. Chokoleti, Ghislain, kutoka Amerika, kuleta Brussels! Nilimpokea vizuri kwa ajili yako. Nilikwenda mtaa wetu wa Matonge kununua sombe, majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi, nikasonga bukari, akala kwa mkono wala hakuona haya. Sephora alikaa katikati yetu akitafsiri Kiingereza. Wewe ulikuwa umeshaniambia kwamba Claudine akizaa mvulana unataka jina la jaji, basi nikauliza kama shangazi anavyopaswa kuuliza, kwa nia njema kabisa: mama, tueleze, mtu huyu aliishi vipi?

Alifurahi sana. Alinawa mikono akaanza.

Pickard alikuwa mwanasheria asiye na wateja huko mashariki ya Amerika, miaka ya elfu moja mia nane sabini na kitu. Mjomba wake alimsaidia mkubwa fulani kushinda uchaguzi, na mkubwa akalipa fadhila kwa kumtuma mpwa awe jaji huko magharibi. Sehemu ile haikuwa jimbo bado. Waliita territoire: wenye nchi wamesukumwa pembeni, wachimba dhahabu wamejaa, na serikali ya mbali inatuma gavana na majaji watatu kuwatawala watu ambao hawakuwachagua. Unaijua hadithi hiyo hata kabla sijaimaliza. Sisi tulizaliwa ndani yake.

Mahakama yake ilikuwa chumba juu ya duka la majembe na pombe. Wazee wa baraza walikaa juu ya masanduku. Alizunguka kwa farasi kutoka kambi hadi kambi, theluji, mito, wiki nzima bila kuona nyumba, na uoga hakuwa nao, hilo nampa. Loretta alisema kuna siku umati ulikuja kumnyonga mwizi wa farasi kabla ya kesi, na Pickard akaketi mlangoni mwa jela na bunduki magotini mpaka wakatawanyika. Hapo mimi mwenyewe nilimpenda. Nilimwambia Sephora, mwambie huyo ni mwanaume. Unaona kwamba sikuanza na chuki.

Halafu Loretta akaendelea, tena akicheka, kama mtu anayeeleza utundu wa babu. Wakati wa baridi Pickard alirudi zake mashariki kwa mke wake, akala Noeli huko, na watu aliowafunga wakangoja jela bila kesi mpaka barabara ikauke. Mmoja mguu wake uliganda, ukakatwa, na baadaye akakutwa hana hatia. Na ukishindwa kesi kwa Pickard ukataka kukata rufaa, ulikwenda wapi? Mahakama ya juu ya territoire. Na nani walikaa mahakama ya juu? Wale wale watatu! Pickard anakuhukumu huku chini, halafu anapanda juu, anaketi na wenzake wawili, anasikiliza kama Pickard alikosea. Aka! Nilidhani Sephora ametafsiri vibaya. Nikamwambia arudie. Akarudia. Ilikuwa hivyo hivyo, ndiyo sheria waliyokuwa nayo.

Watu wa huko walimchoka, wakajaribu kumpeleka wilaya isiyo na mtu, ng'ombe na upepo tu. Hakwenda. Aliendelea kukaa mjini, na ndipo ikaja kesi ambayo Loretta aliitunza mwisho, kwa sababu kwake ndiyo fahari ya ukoo.

Mzungu mmoja mfanyabiashara alikuwa ameoa mwanamke wa wenyeji. Alimpelekea baba yake farasi, wazee wakakaa, watu wakala, mwanamke akahamia kwake. Farasi, Ghislain. Yaani mahari. Waliishi pamoja mpaka watoto wao wakawa watu wazima, duka lile walilijenga wote, mama ndiye aliyejua lugha za wateja. Yule mzungu akafa. Ndugu yake akatoka mashariki, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga pale, akasema mali yote ni yake, kwa sababu marehemu hakuwa na mke wala watoto. Mama huyo anasimama mbele yake na watoto, na huyo anasema hawapo!

Pickard akahukumu. Loretta anayajua maneno yenyewe, alifundishwa tangu utotoni kama sisi tulivyofundishwa katekisimu: farasi si ndoa, desturi ya watu wasio na sheria haifanyi mke, na watoto wa namna hiyo hawana baba, wala hawana babu, wala hawana chochote cha kudai kwa damu ile. Katikati Sephora akaniangalia akasema, «Maman, nitafsiri yote ao niache?» Nikamwambia, yote. Mama yule alikata rufaa, na juu akamkuta nani? Bon, unajua alimkuta nani. Wakatolewa ndani ya nyumba. Hukumu hiyo, Loretta anasema, ilisomwa na majaji wengine miaka mingi, na Pickard akasifiwa kwa akili.

Nilimuuliza, huyo mama aliitwa nani? Hakujua. Anajua jina la farasi wa jaji, alitutajia, lakini jina la mama yule hapana.

Niliinuka nikaenda jikoni, nikafungua maji yakamwagika bure tu. Kwa sababu mimi namjua mwanamke mwingine ambaye baba yake alipelekewa mali, chumvi na vitambaa na mbuzi wawili, wazee wakakaa, watu wakala na kunywa, na mzungu akamchukua. Ni Mbombo, mama ya bibi Pétronille. Na mzungu alikuwa mtoto wa jaji huyo huyo! Alijifunza vizuri nyumbani kwao. Alitoa mali, akazaa, akapanda treni, na moyo haukumsuta, maana baba yake alishamwambia kwamba hiyo si ndoa na hicho si kizazi.

Nilirudi mezani nikamwambia Loretta hivyo hivyo. Sikupiga kelele, Sephora ni shahidi. Nikamuuliza: kwa hukumu ya babu yako, sisi ni nani? Aliweka glasi ya maji chini. Alisema ilikuwa sheria ya wakati ule. Nikamwambia, mama, sheria ya wakati ule ilikuwa yeye. Akasema kwamba hata hivyo sisi ni jamaa zake «kwa moyo». Kwa moyo! Na kwa damu je? Nilipomuuliza walisema nini kwao juu ya Mbombo, akajibu kwamba walijua tu mhandisi alikuwa na «arrangement» huko Katanga. Neno hilo Sephora hakuhitaji kutafsiri, hata kwa Kifaransa ni lile lile: mpango tu, si ndoa.

Tuliagana vizuri, sikumfukuza mgeni. Lakini siku ile ile nilikupigia nikakuambia usifanye lolote na jina lile mpaka nikueleze. Ulisema «oui, oui, yaya». Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu litakalovunjika ni la mtoto asiye na kosa.

Ghislain, najua unachokitafuta. Unataka mtu akubali kwamba sisi tunatoka mahali. Papa alikitafuta mpaka akafa nacho, na iliniumiza kumwona. Lakini unakwenda kubisha kwa mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba mlango huo si wetu, halafu unamchukua mtoto wako mchanga unamvika jina lake! Mtoto atakuwa na kichwa cha sheria? Sheria gani? Ile inayosema bibi yetu hakuwa na baba?

Na wakati unamtafuta babu Amerika, mmoja alikuwa pale pale nyumbani.

Wewe humkumbuki Kyungu. Mimi namkumbuka. Nilikuwa mtoto, alikuwa amekwisha kuwa mzee sana, alinimenyea karanga moja moja na yeye mwenyewe hana meno ya kuzila. Alikuwa mfanyakazi wa reli pale Kambove. Alimwoa Mbombo na yule mtoto mweupe mgongoni, akaambiwa na kila mtu kwamba ameokota mabaki. Halafu administrateur, yule mkuu wa Kibelgiji, akaja na askari kumchukua Pétronille ampeleke kwa masista, kama walivyokuwa wakichukua watoto wote wa namna ile, watoto wa serikali. Aliuliza, baba ya mtoto huyu ni nani? Kyungu akasema, ni mimi. Administrateur akacheka, akamwonyesha mtoto, akamwonyesha yeye. Kyungu akasema, ni mimi. Wakamlaza chini wakamchapa fimbo mbele ya mkewe, wakauliza tena. Ni mimi. Mwisho walichoka wao. Waliporudi mara nyingine mtoto alikuwa ameshapelekwa kijijini kwa mama ya Kyungu, na Kyungu alikuwa amekaa mlangoni anawangojea na jibu lile lile. Hivyo ndivyo bibi alivyobaki na mama yake. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Sisi tunasema methali hiyo kwenye kila harusi na hatuna hata mtoto mmoja aitwaye Kyungu.

Nilitaka kujua kwa nini. Jumamosi nilipitia kwa tonton Tshibangu, mdogo wa Papa, hapa hapa Brussels, maana katika watoto wa bibi Pétronille amebaki yeye tu. Yuko kwenye ghorofa yake, ugonjwa wa sukari umempunguza, lakini akili ni nzima. Nilimweleza habari ya keki. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Halafu akasema: «Kyungu alikufa mwaka moja na ile Ghislain alizaliwa. Maman Pétronille alisema, mutoto huyu aitwe Kyungu. Papa yenu njo alikataa. Alisema Kyungu haiko damu.»

Umesikia? Jina hilo lilikuwa lako. Bibi yetu aliomba baba aliyemlea arudi nyumbani ndani yako, na Papa akamfungia mlango kwa ajili ya mzungu wa kwenye treni. Tonton alilia, Ghislain. Mzee wa miaka ile, analia mbele yangu akijifuta kwa kitambaa cha mezani. Akasema, tangu siku ile sikulala vizuri, nilingoja mutu aniulize.

Nami nikauliza, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Tukatoka kwenye balkoni, tonton akashika kuta, nikafungua bia, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya wakubwa. Jirani wa chini akapiga kelele kwamba tunamlowesha nguo, tonton akamjibu kwa Kiswahili, sitaandika alivyomjibu. Nikalitamka jina mbele yake. Nimefanya kama inavyotakiwa, shangazi na mzee wa ukoo. Lile la kwako la keki halikuwa na shangazi wala mzee, lilikuwa na sukari tu. Mtoto anaitwa Kyungu.

Loretta nitamwandikia mimi mwenyewe, sitamtukana, usihangaike. Picha ya jaji uliyoitundika sebuleni, iteremshe.

Nisalimie Claudine sana, na mama yake, na wote wa hapo nyumbani. Sephora anawasalimu, ameshona kofia ya mtoto, Florent anayo. Tonton Tshibangu anasema mwaka huu hatakufa, kwa sababu amepata habari njema. Mungu ambariki Papa Kyungu wetu mdogo, ampe maisha marefu na mgongo wenye nguvu.

Na Jumapili ile, padri atakapokuuliza mbele ya watu wote, «Mtoto huyu mmempa jina gani?», usijibu kwa kunong'ona. Kyungu alijibu kwa sauti, na yeye alikuwa chini ya fimbo.

Yaya yako anayekupenda, na ambaye bado amekasirika,

Mujinga